Sura ya kuazima, sauti yako mwenyewe: aliyejigeuza akitoa uchawi, nani anajua?

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni msimamizi wa kundi la wachezaji watano hapa Mombasa. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa intaneti kila Ijumaa usiku, kwa kanuni za mwaka 2014. Mji wa mchezo wetu nimeuiga Mji wa Kale: bandari, ngome, vichochoro na nyumba ya forodha. Mchezaji mmoja ana Warlock (mchawi wa mapatano) wa ngazi ya 5 mwenye Mask of Many Faces, uwezo wa kujigeuza sura apendavyo. Alijigeuza askari wa forodha, akaingia ofisini, akamtolea karani uchawi wa Suggestion, wa kumfanya mtu atii pendekezo, ili ampe funguo za ghala. Ndani mlikuwa na askari wawili na muuza kahawa. Yeye ashikilia kwamba hakuna aliyejua lolote kwa kuwa sura yake imefichika. Mwenzake ashikilia kwamba sura ya bandia huanguka papo hapo ukitoa uchawi wa pili. Tulibishana hadi saa saba usiku. Nani yuko sawa, na hao askari warushe dadu gani?" (Msomaji, Kisauni)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Wote wawili wamekosea, lakini kila mmoja amekosea kwa sababu inayoeleweka, na ukizijua sababu hizo mbili ugomvi huu hautarudi tena mezani kwenu.

Nianze na huyo wa pili, kwa kuwa wake ni mwepesi. Anachanganya Disguise Self, uchawi wa sura ya bandia ambao Mask of Many Faces humpa Warlock, na Invisibility, uchawi wa kutoonekana. Invisibility ndiyo inayokatika mara tu mhusika anaposhambulia au kutoa uchawi. Imeandikwa hivyo ndani ya maelezo yake. Disguise Self haina sharti hilo. Ni uchawi wa ngazi ya 1, kiinimacho, unadumu saa nzima, na hauhitaji kushikiliwa kwa umakini. Suggestion ndiyo inayoshikiliwa kwa umakini, hadi saa 8. Basi moja linashikiliwa, jingine linajiendea lenyewe, na yote mawili hukaa pamoja bila tatizo. Angekuwa ametumia Alter Self, uchawi wa kubadilisha mwili wenyewe, hapo mambo yangegeuka, kwa sababu Alter Self nayo inataka umakini, na mtu hawezi kushikilia mawili: angetoa Suggestion, na uso wake wa kweli ungejitokeza mbele ya karani. Pengine mwenzenu aliwahi kuona hivyo akadhani ni kanuni ya kila aina ya kujigeuza.

Sasa huyo wa kwanza, ambaye kosa lake ndilo kubwa. Disguise Self inadanganya macho, na inaishia hapo. Haigusi masikio, haigusi mikono ya watu, na haifichi kitendo anachokifanya aliyeivaa. Askari wa bandia akirusha ngumi, watu wataona askari anarusha ngumi. Akitoa uchawi, wataona askari anatoa uchawi.

Kanuni za kutoa uchawi zina sehemu tatu: maneno, ishara za mkono, na kitu cha kushika. Kwenye karatasi za wachezaji zimeandikwa kwa herufi V, S na M. Kitabu cha Xanathar's Guide to Everything cha 2017 kinasema waziwazi: uchawi wenye hata moja kati ya sehemu hizo hutambulika unapotolewa, usio na hata moja hautambuliki. Suggestion ina V na M. Maana yake Warlock wako alilazimika kutamka maneno ya uchawi kwa sauti na mlio wake maalumu, na mkononi awe na vile vitu vyake (ulimi wa nyoka, na kipande cha sega la asali au tone la mafuta matamu), au ashike kifaa chake cha uchawi kinachosimama badala ya vitu hivyo.

Hapa wachezaji wengi hujitetea hivi: "Lakini maneno yenyewe ni lile pendekezo. Nilimwambia karani kwa upole, nipe funguo, basi." Hapana. Wachapishaji wa mchezo walishalitolea ufafanuzi jambo hili: maneno ya V ni maneno ya uchawi, yanatangulia, na yako mbali na pendekezo ambalo karani analisikia na kulielewa. Command, uchawi wa kuamuru kwa neno moja, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mle ofisini vilisikika vitu viwili: kwanza matamshi ya ajabu yasiyo lugha ya mtu yeyote pale, kisha "nipe funguo za ghala". Hakuna minong'ono ya kuokoa jambo hili. Kanuni inataka sauti yenye kimo na mvumo wake. Ukiimeza, uchawi hautoki, kama vile usivyotoka kwa mtu aliyezibwa mdomo.

Turudi kwenye chumba chenyewe, tukiendeshe tena kwa utaratibu.

Mchezaji anatangaza Suggestion. Papo hapo wote wanne waliomo wanajua kwamba mtu mwenye sura ya askari ametoa uchawi. Hawarushi dadu kwa hilo. Limetokea mbele yao, chumba kimoja, mchana. Karani anarusha jaribio la kujiokoa la Wisdom (busara). Ikiwa Charisma (haiba) ya Warlock ni 18, kiwango anachopaswa kukifikia ni 8, jumlisha 3 za umahiri wa ngazi ya 5, jumlisha 4 za Charisma: 15. Karani akishindwa, anazitoa funguo kwa moyo mweupe. Lakini askari wawili hawajalogwa. Wana macho na masikio yao, na kazi yao ni kulinda ghala hilo. Hapo unauliza mpangilio wa zamu, au unampa mchezaji nafasi moja ya kuwatuliza kwa maneno, kutegemea jinsi askari wako walivyo.

Je, wanajua ni uchawi gani? Hilo ni jambo jingine, na ndilo linalohitaji dadu. Kwa kitabu hicho cha 2017, mtu hutumia tendo lake la kujibu wakati uchawi unatolewa, au tendo la zamu yake baadaye, akarusha Intelligence (Arcana), yaani akili kwa elimu ya uchawi, dhidi ya 15 jumlisha ngazi ya uchawi. Suggestion kwa kawaida ni ngazi ya 2, kwa hiyo 17. Ila Warlock wa ngazi ya 5 nafasi zake zote za uchawi ni za ngazi ya 3, basi ameutoa kwa ngazi ya 3, na kiwango ni 18. Wasimamizi wengi husahau hilo. Askari asiye na ujuzi wowote wa Arcana atafaulu kwa 18, 19 au 20 tu ya dadu ya pande 20, yaani asilimia 15. Kwa hiyo kwa kawaida hawatajua kwamba karani amelazimishwa kwa Suggestion. Watajua tu kwamba mwenzao kanena maneno ya kichawi na sasa karani anamkabidhi funguo. Mtu wa kawaida hahitaji shule kubwa kuunganisha mambo hayo mawili. Na kwa kuwa tendo la kujibu ni moja tu kwa mzunguko, mchawi akilitumia kuutambua uchawi hana tena la kutolea Counterspell, uchawi wa kuzima uchawi wa mwingine, mzunguko huo huo. Achague.

Sasa angalia kile ambacho sura ya bandia imemfanyia mchezaji wako, maana si kwamba haikumfaa. Haijaanguka. Askari hawajaona uso wa Warlock. Wameona uso wa mwenzao. Akifanikiwa kutoka mlangoni na kupotea vichochoroni, atakayekamatwa jioni ni yule askari halisi mwenye uso ule. Hiyo ndiyo kazi ya kujigeuza katika mchezo huu: inahamisha lawama. Mwambie mchezaji wako hivyo kwa uzito wake, kwa sababu amepata kitu kikubwa, ila si kile alichokidhania.

Lini basi askari hurusha dadu kuichunguza sura yenyewe? Maelezo ya Disguise Self yanasema kiumbe hutumia tendo lake kukagua, kisha hurusha Intelligence (Investigation), yaani akili kwa uchunguzi, dhidi ya kiwango cha uchawi cha aliyejigeuza, yaani 15 hapa. Kuna maneno mawili ya kushika: tendo, na kukagua. Uangalifu wa kudumu wa askari, ile Perception ya 12 iliyoandikwa kwenye maelezo yake, hauvunji sura hii hata akipita naye bega kwa bega. Hakagui mtu asiyemshuku. Kosa la wasimamizi ni kumrushia kila aliyemo chumbani "tuone kama anagundua". Hesabu yake ni mbaya. Askari mwenye Intelligence ya 10 ana nafasi ya asilimia 30 kufikia 15. Wakirusha wawili, nafasi ya angalau mmoja kugundua inafika 51. Wakirusha wanne, karani na muuza kahawa wakiwemo, inafika 76. Umemuua mhusika wa mchezaji wako kwa wingi wa dadu, na yeye hajafanya kosa lolote.

Shaka ndiyo iwe mlango. Shaka huingia kwa njia tatu, na mji wako uliouiga Mji wa Kale una utajiri wa kila moja.

Ya kwanza ni sauti. Disguise Self haibadilishi sauti wala lafudhi. Mpe askari halisi namna yake ya kusema. Wenyeji wa mji wako wakisema Kimvita, askari yule siku zote huita "ndoo hapa" na kuelekeza "shika ndia hii"; leo ghafla anasema "njoo" na "njia". Karani aliyefanya naye kazi miaka atainua macho. Hapo ndipo Insight (kusoma nia) ya karani inashindana na Deception (udanganyifu) ya Warlock, na karani akishinda ndipo anapata sababu ya kutumia tendo lake kukagua. Mwenye kipaji cha Actor anarusha Deception mara mbili na kuchukua kubwa anapojifanya mtu mwingine, na anaweza kuiga sauti aliyoisikiliza kwa dakika 1. Kwa mchezaji wa mtindo huu ni kipaji chenye thamani kuliko vingi vya kupigana.

Ya pili ni mkono, na ndiyo ninayoipenda, kwa sababu kanuni yenyewe imetoa mfano. Kofia ya kiinimacho haipo: kitu kinapita katikati yake, na anayeigusa atapapasa nywele. Ukijifanya mwembamba kuliko ulivyo, mkono wa mtu utakugonga ukiwa bado unaonekana hewani. Sasa mpeleke Warlock kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili, hamali anapita na mkokoteni, na mwili wa kweli wa Warlock ni mpana kuliko ule unaoonekana. Ukingo wa mkokoteni unasimama kwa kitu kisichoonekana, upana wa viganja viwili kutoka ubavuni mwa askari. Au mvua inamnyeshea, na matone yanaingia ndani ya kofia bila kuilowesha. Au muuza kahawa anamnyooshea kikombe, vidole vinagusana, na pale alipotarajia kitambaa cha mkono wa kanzu anakutana na ngozi ngumu ya deraya. Mambo haya mtupie mchezaji mapema kama tahadhari anayoweza kuikwepa. Usiyaweke kama mtego uliokwisha fungwa. Mwambie "hamali anakuja na njia ni finyu, unafanyaje?" kabla ya kumwambia amegongwa.

Ya tatu ni mwenendo: neno la siri asilolijua, zamu isiyo yake, askari halisi kutokea upande wa pili wa barabara. Hii unaijua tayari.

Kuna mipaka ya umbo pia. Urefu unazidi au kupungua futi 1 tu, kama sentimita 30, na mpangilio wa viungo lazima ubaki ule ule. Detect Magic, uchawi wa kugundua uchawi, inaona alama ya kiinimacho ndani ya futi 30, takriban mita 9, na kuitaja aina yake, lakini haionyeshi uso wa kweli. Truesight, macho yanayopenya kiinimacho, inauona bila dadu. Weka mwenye uwezo huo penye hazina ya sultani. Penye mlango wa forodha amezidi.

Sasa msaidie mchezaji wako afanye vizuri mara ijayo, maana wazo lake halikuwa baya.

Kwanza, Mask of Many Faces inamwondolea gharama ya nafasi ya uchawi tu. Maneno na ishara bado vipo kila anapojigeuza, kwa hiyo ajigeuzie penye faragha kabla ya kufika, kisha aandike saa aliyoanza. Saa moja inakwisha haraka watu wakipiga gumzo barazani. Hat of Disguise, kofia ya kichawi ya kujigeuzia, ni bora kwa hili: uchawi unaotoka kwenye kifaa, kwa kanuni ya jumla ya mwaka 2014, hauhitaji maneno wala ishara wala kitu cha mkononi. Inataka kuoanishwa na mhusika, na ikivuliwa sura inaisha.

Pili, Suggestion ya kimyakimya. Watu hukimbilia Subtle Spell, mbinu ya kutoa uchawi kwa siri ya Sorcerer (aina nyingine ya mchawi), na Warlock anaweza kuipata kwa kipaji cha Metamagic Adept kutoka kitabu cha Tasha cha 2020, chenye pointi 2. Lakini soma kwa makini: kwa kanuni zenu za 2014, Subtle Spell inaondoa V na S tu. M ya Suggestion inabaki, na uchawi wenye M bado hutambulika. Atatoa bila sauti, ndiyo, lakini kipande cha sega la asali kiko mkononi na mwenye macho anaweza kukiona. Ukiwa msimamizi mwenye huruma, hapa ndipo pa kumruhusu arushe Sleight of Hand (wepesi wa mkono) dhidi ya uangalifu wa kudumu wa waliomo, kukificha kitu ndani ya kiganja. Hiyo ni kanuni ya nyumbani, si ya kitabu, na ningeiruhusu tu kwa uchawi unaotolewa bila V, kama Friends au Minor Illusion. Ukiruhusu Sleight of Hand ifiche na maneno, umemnyang'anya Sorcerer kitu anacholipia pointi, na kila mchawi mezani ataacha kujali nani anamtazama.

Tatu, na hii ndiyo rahisi kuliko zote: amtoe karani nje. Sura ya askari inatosha kumwambia "mkubwa anakuita uani". Huko uani, penye kelele za bandari na pasipo shahidi, ndipo Suggestion. Sauti ya kawaida inasafiri mbali. Kwa jedwali lililochapishwa kwenye ubao wa msimamizi, ni jumla ya dadu mbili za pande sita (d6) mara futi 10, wastani futi 70. Ukuta mnene wa matumbawe na mlango mzito uliofungwa, kwa uamuzi wako, vipunguze hizo hadi nusu au chini yake.

Nne, asitegemee kiinimacho peke yake. Sanduku la kujigeuzia, la sarafu 25 za dhahabu na ratili 3, linatoa sura isiyoonwa na Detect Magic wala Truesight, kwa kuwa hakuna uchawi ndani yake. Kutengeneza mabadiliko ya wastani ni dakika 10, makubwa ni dakika 30. Ukiliandaa wakati wa mapumziko marefu, kuvaa ni dakika 1. Kuiga mtu maalumu ni kiwango cha 20, kwa hiyo ni kazi ngumu. Ila akivaa kanzu ya kweli na kofia ya kweli, kisha Disguise Self ikabaki kubadilisha uso tu, hamali na muuza kahawa hawatagusa chochote cha uongo.

Mkihamia kanuni za 2024, mambo mawili yatabadilika hapa: ukaguzi wa Disguise Self unakuwa tendo la Study (kuchunguza), na Subtle Spell inaondoa hata M, isipokuwa vitu vyenye bei au vinavyoteketezwa. Suggestion ya kimya itakuwa kimya kweli.

Neno la mwisho ni la upande wa skrini, kwa kuwa mnacheza kwa intaneti na hapo ndipo siri nyingi huvuja. Kwenye Roll20, tovuti ya kuchezea, mchezaji aangalie kisanduku cha jina anayezungumza kwalo kabla ya kuandika. Sura imebadilika lakini maneno yanatoka kwa jina la Warlock, na wachezaji wasiojua mpango wanapata habari bure. Deception airushe kwa /gmroll, jibu mlione yeye na wewe tu, na mipango akutumie kwa siri kwa /w gm. Kwenye Foundry, programu nyingine ya kuchezea, kuna /blindroll, ambapo wewe pekee unaona jibu; itumie kwa Insight ya wachezaji wenyewe, ili aliyepata 4 asijue kwamba amepata 4. Picha ya tokeni ibadilishe wewe kabla ya eneo kufunguka, na jina chini yake liandike "Askari wa forodha". Kisha rusha mapema Investigation 10 za askari wako kwenye karatasi, uzitumie kwa mpangilio ule ule. Wachezaji wakisikia dadu yako inagonga meza kila wanapopita mlangoni, wanajua kabla ya karani.